Pete ya Aliyemfikisha Bi Mwanatumu

Hapo zamani, si zile za babu zetu bali zile ambazo lami ilikuwa imeshafika Msambweni, palikuwa na mama aliyekataa kutulia. Jina lake Bi Mwanatumu. Alikuwa mjane, na akili ilikuwa imeanza kumtoka. Kila kukicha alijitanda leso, akachukua kikapu, akasimama mlangoni.

"Twendeni kule," alisema. "Tumechelewa."

"Kule wapi, mama?" aliuliza Mishi, bintiye wa kwanza.

"Kule kweupe."

Mishi ndiye aliyekaa naye. Alimwogesha, alimlisha, alimkimbilia barabarani na kumrudisha. Miaka miwili hakulala usingizi wa maana, sikio moja likiwa kwenye komeo la mlango. Majirani walimwambia atie kufuli. Hakutia. Alianza kumsikiliza mama. Siku moja mama akataja gari la marehemu mumewe, na Mishi akaelewa: hiyo "kule" ilikuwa mahali fulani katika safari zao za zamani.

Maana kila Desemba baba yao aliwapakia wote garini, akashika njia ya pwani kuelekea kaskazini. Alikuwa na kanuni zake. Muondoke kabla jua halijachomoza. Vitumbua viishe kabla ya feri ya Likoni. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Na gari likigoma, lisitukanwe.

Mishi akampigia simu ndugu yake Kibwana, dereva wa malori.

"Twende wapi, na hata wewe hupajui?" Kibwana alisema.

"Tutapajua tukifika."

Kibwana akakata simu. Mishi akapiga tena. Alipiga siku tisa. Siku ya kumi Kibwana akaja na gari la kuazima, na ndani alikuwamo Saumu, kitinda mimba, ambaye miaka mitatu hakuwa amekanyaga nyumba ya mama yake. Mishi alimtazama, asimwambie karibu.

Wakamweka mama kiti cha nyuma, katikati ya binti zake, asije akafungua mlango. Wakaenda.

Wakafika Tiwi. Mama akachungulia. "Siyo hapa. Twendeni."

Wakavuka Likoni, wakafika Mtwapa. "Siyo hapa. Twendeni."

Wakaingia Takaungu, wakatoka. Kilifi wakamnunulia korosho, akazimwaga dirishani. "Siyo hapa! Mbona mnanichelewesha?" Watamu hakutaka hata kushuka. Alikuwa akipiga kiti cha mbele kwa viganja, pa, pa, pa, na Mishi akahisi kila pigo kifuani mwake.

Wakalala Malindi kwa jamaa zao. Asubuhi Mishi akasimama kando ya gari, akalia.

"Turudi. Nimemtesa mama bure. Hakuna kule."

Kibwana mgongo ulikuwa umemkaza, hata kushuka garini alishuka kwa kujishika kiuno. Lakini akasema, "Mimi sirudi na mama akiwa hivi. Hata iwe mpaka Lamu, nitaendesha."

Hapo Saumu akafungua mlango wa mbele, akasema, "Mwekeni mbele."

"Akifungua mlango je?" Mishi akamkaripia. "Wewe unamjua mama wa sasa?"

"Nitamshika mabega kwa nyuma. Dada, baba hakuwa akiuliza njia. Mama alikuwa akinyoosha mkono, baba anafuata. Nilikuwa naona. Mimi ndiye niliyekuwa natapika, nikipakatwa na mama kiti cha mbele."

Wakamweka mbele. Viganja vikatulia. Walipopita Mambrui, mama akanyoosha mkono kulia, kwenye njia ya vumbi. Kibwana akakata kona bila kuuliza. Wakatokea Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Chumvi imelundikwa marundo marundo, nyeupe hata macho yanauma. Hapana ufuo. Hapana kivuli.

"Hapa ndipo gari lilipotufia," Kibwana alisema polepole. "Tulishinda juani kutwa nzima kwa mkate mkavu na chai ya chupa."

Mishi akakumbuka. Katika safari zao zote, hiyo ndiyo aliyoichukia kuliko zote.

Mama akashuka, akaketi chini, akanyoosha miguu. Akacheka. Walingoja aseme twendeni. Hakusema. Kisha akavua pete yake ya fedha, aliyovishwa na baba yao, akaiweka kiganjani mwake.

"Hii ni ya aliyenileta."

"Nani, mama?" Mishi aliuliza.

Mama akawatazama mmoja mmoja, wote watatu. "Mimineni chai," akasema.

Mishi akaipokea pete, akaifunga kwenye pindo la leso. Tangu siku hiyo Bi Mwanatumu hakusimama tena mlangoni. Mvua za masika zilipokwisha, akafariki.

Arobaini ilipopita, Mishi akaiweka pete mkekani mbele ya nduguze. Yeye mwenyewe hakuweza kukaa. Alisimama, akaketi, akasimama. Haikuwa fedha iliyomsumbua. Miaka miwili mama hakumtambua mtu, na pale kwenye chumvi, kwa kitambo kidogo, alimtambua mmoja wao.

"Mama alisema aliyenileta," Kibwana akasema. "Usukani ulikuwa mikononi mwa nani? Na pale Malindi, nani alikataa kurudi?"

"Ulikata simu siku tisa," Mishi akajibu. "Nisingemsikiliza mimi, nisingekusumbua mimi, mngejua kama kuna kule?"

Saumu aliinama. "Mimi hata kuingia gari lile sikustahili. Lakini mlipita naye mji baada ya mji, mkimtafutia njia mtu anayeijua. Niliyemwachia aongoze ni mimi."

Mishi akaiokota pete, akairudisha chini, akaiokota tena. Mpaka leo haijaingia kidoleni mwa mtu.

Basi nyinyi mliosikia, nyinyi mliowahi kupakatwa na mama zenu njiani, amueni: ni nani aliyemleta Bi Mwanatumu, na pete avishwe nani?