Mlima Unaposa kwa Kifaru

Zamani sana, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na kualikana harusi, palikuwa na mlima mrefu wenye theluji kileleni, na chini yake bonde. Katikati ya bonde lilipita korongo kavu. Kifaru aliupenda mchanga laini wa korongo lile, akajenga nyumba humo humo. Upande wa juu akauziba kwa magogo na mawe, ili upepo wa mlimani usimsumbue mkewe.

Kando ya korongo, kwenye mwamba, aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiyejaza hata kapu, pamoja na mkewe aliyekuwa amejifungua juzijuzi. Jirani zao walikuwa Panya, Nungunungu na Kobe.

Ukafika msimu wa jua kali. Asubuhi moja Pimbi alipanda mlimani kutafuta majani mabichi, akasikia sauti chini ya theluji: chururu, chururu. Theluji iliyokuwa ngumu kama jiwe sasa ilizamisha miguu. Vijito ambavyo kulipokucha angeviruka, jua lilipopanda vilikutana, vikavimba, vikaanza kusukuma mawe. Pimbi akajua kwamba maji yakifika kwenye ukuta wa Kifaru yatapanda kando, yawazoe watoto wake kwanza, kisha yaubomoe ukuta na kummeza Kifaru mwenyewe. Akateremka mbio.

Alimweleza Kifaru ukweli wote, akamsihi alifungue korongo. Kifaru akatazama juu, hakuona hata wingu la kumfunika kiroboto. Akasema mafuriko bila mvua ni sawa na uji bila maji, akarudi kulala.

Pimbi akakaa juu ya jiwe, akafikiri. Kisha akajipangusa vumbi, akarudi na kubisha hodi kwa adabu.

“Mzee, kuna jambo nilikuficha,” akasema. “Mimi nimetumwa, ni mshenga. Bwana Mlima anamposa binti yako Kidawa. Anakuja mwenyewe leo alasiri.”

Kifaru akafumbua jicho moja. “Mlima hutembea?”

“Mtazame, mzee. Ile kofia yake nyeupe jana ilifika wapi, na leo iko wapi? Anaivua. Nani huenda ukweni na kofia kichwani?”

Kifaru hakuwa na macho mazuri, lakini aliyakaza, akaona kweli weupe umepungua. Akainuka kwa furaha. Yeye, awe mkwe wa Mlima! Tembo atauficha wapi uso wake? Mama Kidawa akauliza kuhusu ukoo wa bwana harusi, akajibiwa kuwa ni ukoo mzito, wenye mizizi. Kidawa mwenyewe aliuliza tu kama mume huyo ataenea kitandani.

Pimbi akawaeleza kwamba mgeni ni mpana, hivyo njia yake lazima iachwe wazi, na kwamba wakwe humpokea wakiwa juu ya kilima kilicho kando ya bonde, pamoja na majirani wote. Kifaru akaushambulia ukuta wake kwa pembe, gubu, gubu, hadi gogo la mwisho likabiringika. Kisha akabeba mikeka, masufuria na bibi harusi, akapanda kilimani. Kobe alitangulizwa mapema. Pimbi na mkewe walibeba watoto kwa meno, wasiweze hata kupiga kigelegele.

Alasiri ilipofika, ardhi ikatetemeka. Vuuuu! Maji ya kahawia, baridi ya kukata mifupa, yakashuka na miti, mawe na mabonge ya barafu. Yakafuata korongo lililo wazi, yakaibeba nyumba ya Kifaru na paa lake zima, yakaishia mbugani. Mwamba wa Pimbi ulirushiwa matone tu.

Kifaru, aliyekuwa amejifunga shuka la heshima, akaendelea kutazama korongo.

“Mshenga,” akauliza, “mkwe wangu yuko wapi?”

Pimbi akayaonyesha maji. “Ndiye huyo aliyepita, mzee.”

Kifaru akaanza kulikunja lile shuka.

“Amepita bila salamu,” akasema, “na nyumba ya wakwe akaondoka nayo. Kamwambie simpi binti.”

Akajenga nyumba mpya palepale kilimani, mbali na njia ya yule asiye na adabu.

Nanyi wanangu shikeni hili: njia ya maji ni ya maji, hata ikikauka.