Hodi Kwenye Makutano ya Mito

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Hebu tena, na wewe Hoza acha kuchokoachokoa moto, utatuzimia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, enzi mito ikisema na watu wakiielewa, palikuwa na Mzee Shekigenda na binti yake, Mashavu. Tangu wamzike mama mtu, Mashavu hakucheka tena. Alipika, alifua, alilima, lakini kucheka, hata kidogo. Na mzee naye macho yakaanza kumwishia.

Mganga akamwambia, "Mwanga uliobaki ni kidogo, kama mafuta kwenye kibatari. Ukiutumia ovyo, kesho huna. Chagua utakachokitazama."

Mzee akachagua. Ndani ya msitu mito miwili ilikutana, na pale makutanoni wanyama wote walishuka kunywa jua likilegea. Tangu utotoni alisikia habari zake, hajawahi kufika. Basi akajifunga macho kwa kanga ya marehemu mkewe, asije akamwaga mwanga njiani. Mashavu akamshika mkono. Wakaenda, wakaenda, wakaenda.

"Nifungue, mwanangu?"

"Bado, baba."

Wakafika msituni. Ukungu umelala juu ya majani, miti inasinzia, na ardhi ni laini hata nyayo hazisikiki. Sasa, msitu ni nyumbani kwa wenyewe, na nyumbani kwa wenyewe huingii kama mbuzi. Mashavu akabisha.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Kimyaaa! Nanyi mnajua, hodi tatu zikikosa jibu, mgeni anageuza. Mashavu machozi yakamlengalenga.

"Nifungue, mwanangu?"

"Bado, baba. Hatujakaribishwa."

Walipokuwa wanageuka, Mashavu akasikia minong'ono. Kumbe Mto Mweusi na Mto Mwekundu, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wanasukumiana.

"Itika wewe, dada. Wewe ndiye mkubwa."

"Aka! Itika wewe, mdogo wangu. Wageni wamekuja upande wako."

"Siwezi kukutangulia, dada."

"Nami siwezi kukupokonya wageni."

Adabu gani hizo? Adabu mpaka zinakera! Na vichakani wanyama wamejaa, koo zimewakauka, hakuna anayethubutu kutoka kabla mwenye nyumba hajatamka neno. Tembo mzima anasonya. Na jua linashuka.

Mashavu akapiga magoti ukingoni. "Shikamooni, mama zangu. Baba yangu kesho haoni. Pale mbele mnapoungana, nani anajua maji ni ya nani? Si muitike pamoja tu?"

Mito ikaona haya. Kisha ikaitika kwa sauti moja, "Karibuuuni!"

Lo! Wakashuka tembo na watoto wao, polepole, kama wanatembea usingizini. Wakashuka nyati na pongo. Wakashuka mbega, mikia myeupe inaning'inia. Maji meusi na maji mekundu yakazungukana, na vivuli vya wanyama vikazungukana humo humo, hujui yupi yuko ukingoni na yupi yuko majini. Mtoto wa tembo akateleza, akakaa kitako kwenye tope, akamtazama mama yake kwa hasira.

Mashavu akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mzee akatulia, anasikiliza. "Nifungue, mwanangu?"

"Fungua, baba! Fungua upesi, jua linazama!"

Mzee akafungua kanga. Lakini hakugeukia mtoni. Alimgeukia binti yake, akamtazama, akamtazama, akamtazama, mpaka mwanga ukaisha.

"Baba! Umewapa mgongo! Hukuwaona!" Mashavu akashika kichwa.

"Tembo nawasikia wanavyokunywa, wananitosha," mzee akasema, mkono wake unapapasa shavu la binti. "Lakini kicheko hicho sijakiona tangu tumzike mama yako. Nimekiona. Sasa nipeleke nyumbani."

Akamfunga kanga ile mabegani, naye Mashavu akamshika mkono. Njia nzima alimsimulia jinsi mtoto wa tembo alivyokaa kwenye tope, na kila alipofika hapo wakacheka wote wawili.

Hadithi yangu nami naitua hapo. Hoza, mbona unafuta macho? Eti moshi! Haya, kalaleni.