Kindi na Ruta Inayotaka Mikono Safi

"Wewe Nyati, unanimalizia intaneti!"

"Mimi, Mzee Kiboko? Na hilo litelevisheni lako linakula nini, nyasi?"

Walifokeana hivyo, wadogo zangu, zamani zile wanyama walipokuwa wakipanga nyumba moja na kutumia ruta moja, kile kisanduku cha kugawa intaneti, iliyokaa sebuleni kwa mwenye nyumba, Kiboko. Shindano la kwaya lilikuwa limeanza kwenye televisheni, na kila picha inaganda. Kwi! Kwi! Kwi!

"Basi," Kiboko akaamua, "Kindi wa chumba cha uani azime televisheni yake."

Kindi akaruka, paa! Bintiye ndiye angeimba shindanoni siku ile, kwa mara ya kwanza.

"Mzee, shida si wingi wetu," akasema. "Kila televisheni inaagiza picha yake peke yake, ile ile moja, zote zinasukumana kwenye waya mmoja. Ruta yako ina kitu kinaitwa maltikasti. Ukikiwasha, picha inaingia mara moja tu, kama sinia la pilau, halafu ruta inampakulia kila aliyeketi kula."

"Ule kwenye sinia langu? Thubutu! Kiwashe, lakini televisheni yako izimwe!"

Kiboko akaandika neno lake la siri, akamfungulia mipangilio ya ruta. Kindi akainamisha kichwa.

"Sawa, mzee. Ila sinia haliguswi na mikono michafu. Kanaweni kwanza."

Nyati akasuuza kwato, akarudi kwake. Kiboko je? Kiboko akiona maji hanawi, anaingia! Chubwi! Akajitosa kwenye tangi la uani, bwabwabwa, akasahau dunia.

Kindi akaitafuta maltikasti, akaiwasha, ta! Kisha huyoo chumbani kwake, akawasha televisheni.

Kiboko alirudi akichuruzika maji. Picha safi kabisa! Mara akasikia wimbo uleule ukitoka uani. Puu, puu, puu, hadi mlangoni kwa Kindi.

"Mwizi! Unakula picha yangu!"

Kindi hakugeuka. Bintiye alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa.

"Nyati!" akaita. "Yako imeganda?"

"Hata kidogo!"

"Na yako, mzee?"

Kiboko akajikuna sikio. "Ha... haijaganda."

"Basi kumnyima jirani kitu kisichokupungukia ni uchoyo mtupu. Karibu ndani, mzee, mwanangu anaimba. Lakini jikaushe kwanza!"