Karatasi Mbele ya Rejeta

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Walimaanisha kwamba binadamu ni mwepesi wa kuona kosa la mwingine, hata likiwa dogo kama punje ya ulezi, ilhali lake mwenyewe limekaa mahali ambapo macho yake hayafiki. Mwalimu Gwakisa aliifahamu vyema methali hiyo. Aliitaja darasani kila wanafunzi wake waliposhtakiana.

Gwakisa alikuwa mzaliwa wa Tukuyu, na mwaka huo wa 2004 alikuwa ametimiza miaka sita akifundisha fizikia Nachingwea. Alikuwa na gari dogo jeupe, Toyota Corona, alilolipenda kama mboni ya jicho lake. Mvua za masika zilipokwisha, nyasi zilikuwa zimeota hadi katikati ya njia za vijijini, na mbegu zake zikaziba rejeta, kile kifaa chenye matundu membamba kinachopoza maji ya injini. Jumapili moja mwalimu alijifunga msuli, akaifungua feni ya kupoza rejeta, akayaosha matundu yote kwa brashi ya viatu mpaka yakang'aa, kisha akairudisha feni mahali pake. Hakumwita fundi. "Umeme nafundisha mimi," alimwambia mkewe Lusiana, "nitashindwa na nyaya mbili?"

Jumamosi iliyofuata alipewa heshima ya kumbeba bibi harusi, Makrina, binti wa jirani yake Mzee Nicholaus. Ndoa ilifungwa Ruangwa, na sherehe ilikuwa Nachingwea. Njia nzima gari lilikimbia kama swala, vumbi jekundu likibaki nyuma, na sindano ya kipimo cha joto ikatulia katikati kama mtoto aliyeshiba.

Walipoingia mjini, mwendo ulibadilika. Kama ilivyo desturi, msafara ulipaswa kuzunguka mji mzima polepole ili kila mtu amwone bibi harusi. Pikapu ya matarumbeta ilitangulia, magari saba yakafuata kwa mwendo wa kobe, na akina mama wakacheza mbele ya boneti. Hawakumaliza hata mzunguko wa kwanza. Sindano ilipanda ikagonga mwisho. Boneti ikaguna, kisha mvuke ukafoka pande zote kwa kishindo. Makrina alitoka mbio, shela likiburuzwa mavumbini, huku akipiga mayowe. Matarumbeta yalinyamaza ghafla.

"Mwalimu!" alipaza sauti Bibie, shangazi wa bibi harusi, mwanamke asiyejua kuficha neno. "Sisi tumekuja kucheza ngoma, kumbe wewe umetutengea chai!"

Umati ulivunjika mbavu kwa kicheko. Gwakisa aliona haya, na haya ilipokosa pa kujificha ikageuka hasira. Hapo ndipo alipomwona Hasani, fundi wa magari, akija mbio na ndoo ya maji ili amsaidie.

"Wewe!" alimkaripia. "Rejeta yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo, Mwalimu?"

"Hii siyo yangu! Wiki hii gari lililala kwako siku tatu. Umeichukua rejeta nzima, ukaniwekea kuukuu!"

"Lililala kwa ajili ya breki," Hasani alijibu polepole. "Boneti sikuifungua hata mara moja."

"Mwizi huyo! Nyote mwoneni, mwizi!"

Neno hilo lilianguka kama jiwe kisimani. Katika gari la nyuma alikuwemo Padri Severini, aliyefungisha ndoa ile. Jumatatu iliyofuata alikuwa amkabidhi Hasani kazi ya kuyatunza magari yote ya parokia, kazi ambayo fundi huyo aliingoja kwa miaka minne akifanyia ufundi wake chini ya paa la makuti. Sasa padri aliinamisha macho. Hasani aliona, akaitua ndoo chini.

"Padri, usinipe kazi bado," alisema. "Jumatatu tulifungue gari hili mbele yako. Nikiwa mwizi, nitauhama mji huu."

"Na nikiwa nimekosea," Gwakisa alijibu kwa kiburi, "nitayameza maneno yangu katika barabara hiihii!"

Maneno mabaya hayahitaji nauli. Kufikia Jumapili jioni yalikuwa yamefika kijiji cha Naipingo na kurudi yakiwa yamenenepa. Idd, mfanyabiashara aliyekuwa na pikapu yake gereji kwa Hasani, alikuja kuivuta kwa kamba ingali nusu imefunguliwa. 

Jumatatu mchana watu walijaa katika ua wa parokia. Lusiana, aliyekuwa muuguzi wa zahanati iliyopakana na ua huo, alitoka na sare yake nyeupe akasimama kando ya mumewe. Hasani alijaza maji kwenye rejeta, kisha akauliza kwa adabu, kana kwamba hajawahi kutukanwa:

"Mwalimu, kutoka Ruangwa gari lilichemka?"

"Hapana."

"Hata pale penye mlima?"

"Hapana. Lilichemka mjini tu, kwenye msafara."

"Basi sikiliza. Rejeta mbovu ingekuumbua mlimani. Gari likikimbia, upepo wa njia hulipoza. Likitambaa, hutegemea feni peke yake. Gari linalopoa likikimbia na kuchemka likitambaa halina ugonjwa wa maji. Lina ugonjwa wa upepo."

"Feni inazunguka!" Gwakisa alidakia. "Niliisikia kwa masikio yangu."

"Kuzunguka inazunguka. Naomba karatasi."

Mwalimu alichana ukurasa wa daftari lake la maandalio ya masomo, akampa. Hasani aliliendea kwanza gari dogo la padri, akaliwasha, wakangoja mpaka feni yake ikaanza kunguruma. Akaisogeza karatasi mbele ya wavu unaoikinga rejeta. Fyu! Karatasi ilivutwa ikaganda kwenye wavu kama nzi kwenye asali.

"Feni yenye afya huvuta upepo wa nje ikaupitisha kwenye rejeta," alisema. "Sasa twende kwa mgonjwa."

Corona iliunguruma. Sindano ikapanda, feni ikaitika. Hasani aliiweka karatasi mbele ya wavu, akaiachia.

Karatasi iliruka. Haikuvutwa, ilisukumwa kwa nguvu, ikapaa juu, ikapinduka mara mbili hewani, ikaja kumganda Gwakisa kifuani. Ua mzima ulisema "Haa!" kwa sauti moja. Hata Hasani alirudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni.

"Inapuliza nje! Inapigana na upepo! Mwalimu, nyaya hizi zimegeuzwa, ndiyo maana feni inazunguka kinyume. Chanya imeunganishwa na hasi."

Alizima injini, akaingiza mkono nyuma ya rejeta, akazivuta nyaya mbili hadharani. Plagi yake ilikuwa imekatwa, na maungio yalikuwa yamefungwa kwa kitu cha rangi ya vumbi. Lusiana aliinama, akakikwangua kwa ukucha. Chini ya vumbi pakatokea weupe.

"Baba Faith," alimwambia mumewe kwa mshangao, "hii si plasta yangu ya vidonda? Ile uliyoniomba siku ile ya kuosha rejeta?"

 Picha yote ilimrudia Gwakisa: plagi iliyovunjika alipoivuta, kisu cha jikoni, nyaya mbili zilizofanana kwa weusi wa grisi, na jinsi alivyozisokota bila kuzikagua huku akipiga mluzi. Yeye, aliyekata alama za wanafunzi kwa kosa hilohilo!  Akaitazama karatasi ile mkononi mwake. Upande wa juu, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika mada ya somo la wiki hiyo: mwelekeo wa mkondo wa umeme.

"Fundi," alisema hatimaye, "nimekuua bure."

"Sijafa, Mwalimu. Ila wanaoamini kwamba mimi ni mwizi hawako uani hapa tu."

Gwakisa alielewa. Hasani alizibadilisha nyaya, akazifunga vizuri, na safari hii karatasi iliganda kwenye wavu. Mwalimu akamfungulia mlango wa mbele, kiti cha heshima. Padri alipanda nyuma na Lusiana.

Waliufuata mzunguko wa msafara ule ule, kwa mwendo ule ule wa kobe. Kila penye watu wawili watatu Gwakisa alisimama, akatoa kichwa dirishani: "Ndugu zangu, Fundi Hasani hakuiba kitu. Aliyeharibu gari ni mimi, kwa mikono yangu." Sokoni aliyasema hayo mbele ya Bibie, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikosa mzaha. Mbele ya duka la Idd aliyasema mara mbili, na Idd akatoka, akaweka mkono kichwani kwa mshtuko, kisha akamshika Hasani mkono kupitia dirishani na kuung'ang'ania.

Iliwachukua zaidi ya saa nzima kuuzunguka mji ule mdogo. Jasho lilimtiririka mwalimu, lakini sindano ya joto haikuvuka katikati hata unywele mmoja. Walipowasili tena parokiani, padri alitoa funguo za magari mfukoni, akaziweka kiganjani mwa fundi bila hotuba.

Keshoye wanafunzi wa mwalimu Gwakisa walikuta ubaoni mchoro wa feni na nyaya mbili, na chini yake sentensi moja aliyoiandika akiwa ameinamisha kichwa: Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe, na nyani huyo nilikuwa mimi.