Nyani Aliyeyaamuru Mate Yake

— Wenyewe mpo?
— Tupo, na masikio tumeyafua!
— Niilete mbichi au niichome?
— Ilete ilivyo, mradi iwe tamu!

Hapo zamani za kale, kabla twiga hajarefuka shingo, Nyani aliukalia mkuyu wa pekee bondeni, akajitangaza mkubwa wa wote. Kila mnyama aliyeokota makuyu alimpelekea nusu.

"Kwa sababu gani?" akauliza Nguchiro, mnyama mdogo mwenye shimo moja na watoto wanane wenye njaa.

"Kwa sababu mimi ni bwana. Tazama! Mkono, panda!" Mkono ukapanda. "Mkia, pinda!" Mkia ukapinda. "Kila kilichomo mwilini mwangu kinanitii. Nitashindwaje kukutawala wewe, mkia wa mswaki?"

Nguchiro alikuwa mdogo wa mwili, lakini mdomo wake uliwatosha tembo wawili. Akasema, "Bwana mkubwa, nitakupa kazi tatu, zote za mwilini mwako. Ukiweza hata moja, mimi na mke wangu na wanangu tutakutoa chawa mpaka tuzeeke. Ukishindwa zote, mkuyu ni wa wote."

Mkewe akamfinya. "Wewe baba watoto, umetuuza!"

"Tulia, mke wangu."

Kazi ya kwanza. "Iambie pumzi ikungoje nje mpaka Mzee Kobe afike kwenye kile kisiki." Akamwekea Nyani unyoya wa kanga puani, asiibe pumzi.

Nyani akabana. Kobe akatembea. Mashavu yakavimba. Kobe akasimama, akamsalimia konokono, akawaulizia na shangazi zake. Macho ya Nyani yakamtoka. Mara kifua kikafunguka chenyewe, haaaa! Unyoya ukaruka mpaka mgongoni kwa Kobe.

"Mbona mapema?" akalalamika Kobe. "Ndio kwanza nachangamka!"

Wanyama wakaimba: "Bwana kaamuru, pumzi imekataa!"

Kazi ya pili. "Uambie moyo upumzike, pigo moja tu."

Kobe akaitwa, akaweka sikio kifuani kwa Nyani.

"Moyo, nyamaza!" akafoka Nyani.

"Ndu-ndu, ndu-ndu," akasema Kobe.

"Nyamaza, nimesema!"

"Ndundundundu! Mwanangu, ukiukaripia ndio unatoka mbio."

"Bwana kaamuru, moyo umekataa!"

Ikabaki moja. Mke wa Nguchiro akafumba macho.

Nguchiro akatoa embe bichi. Akalimenya polepole. Akalikata vipande, akavipaka chumvi, akavinyunyizia pilipili. "Yaambie mate yasije," akasema, kisha akauma kipande. Kakacha!

Kobe akameza mate. Swala akameza mate. Nawe uliyekaa huko nyuma, meza tu, nimekuona!

Nyani akafunga mdomo kwa mikono miwili. Kakacha! Nyani kimya. Kakacha! Nyani kimya.

"Loo, umeshinda!" Nguchiro akapiga magoti. "Tangaza ushindi wako, bwana, bonde zima lisikie."

Nyani akapanua kifua, akafungua mdomo. "Mimi ndiye bwa—"

Pwaa! Mate yakamwagika mpaka kitovuni.

"Bwana kaamuru, mate yamekataa!"

Wanyama wakaugeukia mkuyu, watoto wanane mbele. Nyani akabaki peke yake, analitazama embe. Nguchiro akamkatia kipande.

"Kula, ndugu yangu. Mate yameshatandika mkeka, mgeni asichelewe."

Nyani akala. Kikamtoka kicheko, na hicho nacho hakukiamuru.

Basi, wenzangu, funzo ndilo hili: moyo, pumzi na mate hutufanyia kazi usiku na mchana, hata tukilala fofofo, na havituombi ruhusa. Asiyeweza kuvituma vilivyo ndani ya ngozi yake, asijifanye bwana wa shingo za wenzake.

Hadithi yangu imefika kisikini kabla ya Kobe. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chachu, temeni, ila msimtemee msimulizi!