Fundi Aliyeficha Neno la Siri

Wapendwa, hospitali moja ya misheni huko milimani ilikuwa na fundi wa kompyuta. Mtandao wote wa pale aliutandaza yeye, waya kwa waya, na neno la siri la mashine kuu alilijua yeye tu. Herufi ishirini! Hakuziandika popote. Mganga mkuu akikwama, lazima amsubiri fundi amalize chai. Na jamani, chai ile ilinywewa polepole.

Makao makuu yakamtuma dada mmoja kwake. Hospitali zote tisa za misheni ziunganishwe, zisimamiwe kutoka mahali pamoja. Mafundi wa hospitali nane walishakubali.

"Kaka yangu," dada akasema, "ukiugua wewe, nani atafungua mafaili ya wagonjwa? Kidole kimoja hakivunji chawa."

Fundi akacheka. "Dada, na mkono mtupu haulambwi. Nikikupa neno hilo, kesho hapa mimi nitakuwa nani?"

"Hilo sijui, kaka. Najua ninaogopa."

Akaondoka bila kitu.

Haukupita mwezi, asubuhi moja umeme ukakatika, kisha ukarudi. Fundi akainuka kwenda kuiwasha upya mashine kuu, akaanguka mlangoni. Kiharusi. Wakamlaza wodini, macho wazi, mwili hausogei, ulimi umekufa. Daktari akataka kujua dawa gani inamdhuru. Faili lake limo kwenye mashine, na mashine inadai neno la siri. Wakapiga simu makao makuu. "Huko hatuwezi kuingia," wakajibiwa. "Mwenyewe alikataa."

Muuguzi akamwinamia. "Fundi, nitataja herufi. Nikiifikia ya kwanza, fumba macho. A? B?"

Alisikia kila kitu. Alilijua neno lote. Lakini alikuwa analia, na machozi yakamfanya afumbe macho kwa kila herufi.

Daktari akachoma sindano kwa kubahatisha. Wakamzika Alhamisi.

Wapendwa, mimi pia naogopa. Maana sisi tumo humu. Mwalimu wa kwaya asiyemfundisha mwingine kinanda, yumo. Katibu mwenye kabati ambalo mtu mwingine halifungui, yumo. Mimi mchungaji wenu nimo. Tunajidai tunailinda kazi ya Mungu. Uongo! Tunaogopa isije ikaenda vizuri bila sisi.

Kabla hamjatoka leo, kila mtu amtafute mwenzake amfundishe lile analolijua peke yake. Wapendwa, tunaogopa kutohitajika kuliko tunavyoogopa kuua.