Herufi Zilizopanda Mlima kwa Hiari

Enzi hizo karatasi ilikuwa haijapata adabu. Herufi zote zilisimama wima, kifua mbele, kama askari aliyetumwa kumkamata mtu. Na kule milimani Usambara ndiyo kazi iliyozileta, maana karatasi zilizofika zilikuwa za aina mbili tu: za kodi na za kuitwa barazani kwenye kesi. Waliojua kusoma walikuwa wachache, lakini kila mtu, hata mbuzi, alijua kukimbia. Karatasi ikionekana bondeni asubuhi, kufika saa nne kijiji kizima kimo msituni.

Herufi hizo alizichonga Mgosi Shemdoe, yaani Bwana Shemdoe kwa Kisambaa, fundi wa vibao vya kupigia chapa huko bondeni. Alizichonga kinyumenyume, kama kazi inavyotaka, ili zikipakwa wino na kukandamizwa zitoke sawa. Kwa ufundi hakuwa na mwenzake. Aliwahi kuchonga jina la chifu juu ya punje ya mtama, na chifu akalisoma bila miwani, akiwa amekaa juu ya farasi, farasi akiwa mbioni. Kwa wanawake, hata hivyo, Shemdoe alikuwa mwoga kupindukia. Miaka hamsini ilimpita hivyo hivyo, mpaka alipompenda Bi Mwantumu, mjane aliyeuza mapeasi sokoni.

“Nimekubali, Mgosi,” Bi Mwantumu alimwambia. “Ila nina sharti. Ndoa yangu ya kwanza haikuhudhuriwa hata na kuku. Safari hii ndugu zangu wa kule juu waje wote, waniimbie mpaka wakauke koo. Wasipokuja wao, na mimi siji.”

Siku zile habari ya mdomo ilihesabiwa uvumi. Mgeni wa heshima aliitwa kwa karatasi. Basi Shemdoe akatoa herufi zake bora, zile zilizonyooka kuliko zote, akapiga chapa kadi arubaini, akampa tarishi. Ijumaa ya harusi ikafika. Pilau likaiva, likapoa, likaganda. Tarishi akarudi peke yake.

“Mjomba wa bibi harusi nimemkuta ndani ya pipa la maji,” alisema. “Kaniagiza nimwambie aliyenituma kwamba yeye amekufa tangu juzi.”

Bi Mwantumu hakulia mbele ya watu. Alijitwisha kapu lake. “Ijumaa ijayo, Mgosi. Baada ya hapo usinigongee mlango.”

Akashika njia ya nyumbani kwake, katikati ya mlima. Shemdoe akabaki anamtazama, roho imemshuka hadi kwenye kandambili. Mlima ule ni mkali, na mtu hawezi kuupanda akiwa wima. Bi Mwantumu aliinama mbele kidogo, mwili wote ukielekea anakokwenda, pindo la khanga likipepea nyuma yake. Hakuna aliyekuwa akimsukuma. Shemdoe akajipiga paji la uso. Kumbe anayeitwa na askari husimama. Anayekwenda kwa hiari huinama mbele!

Alichonga siku tano, chakula hakukikumbuka. Alizibana herufi zikawa nyembamba, kama watu wanaofuatana kwenye kijia. Akazipa mikia ya kupepea. Akazilaza upande wa kulia, kila moja. Alipopiga chapa, akamkimbilia Bi Mwantumu kabla wino haujakauka.

Bi Mwantumu aliishika karatasi, akaigeuza, akaishika tena. “Hii ni harusi, baba, au mbuzi anakokotwa mnadani? Mbona zimejivuta nyuma hivi? Ndivyo unavyokuja kwangu?”

Shemdoe akaangalia, jasho likamtoka. Kwa kuchanganyikiwa na mapenzi, herufi alizichonga kinyume kama kawaida, lakini mlalo wake akauchonga kama unavyoonekana kwa macho. Chapa ikaugeuza. Fundi wa punje ya mtama! Na mbao nzuri zilikuwa zimekwisha, siku zimebaki mbili.

“Nisamehe, mama,” alisema. “Mikono yangu inakuja mbio. Kichwa ndicho kimechelewa.”

Bi Mwantumu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akakata tawi kubwa la mpeasi wake, lile lililozaa kuliko mengine. “Mti huu ni laini kama siagi, haupasuki. Chonga. Na safari hii mimi nakaa hapa nikuangalie.”

Zikachongwa, zikatoka zimeinama mbele kama maji yanayojua bonde liko wapi. Tarishi akapanda nazo. Mjomba akachungulia kutoka kwenye pipa, akaitazama karatasi kwa mbali, halafu kwa karibu.

“Hii haikuja kukamata mtu,” akasema. “Hebu iangalieni inavyotembea. Mama watoto, niletee kanzu!”

Ijumaa walishuka watu wengi hata njia ikachimbika, na waliimba siku nne. Bi Mwantumu ndiye aliyekauka koo kwa kuwaitikia.

Na tangu siku hiyo, mwenye furaha akiwaita watu huwaita kwa herufi za mlazo, nyembamba, zenye mikia. Baraza la kesi liliendelea na zake zilizosimama, na hakuna aliyeziomba kwa harusi yake. Asiyesadiki achomoe kadi zilizochomekwa kwenye kioo cha kabati lake, azitazame moja moja. Atakuta zote zimekwisha kuanza safari, zinamngoja yeye tu avae viatu.